Sabuni, si Mafuta

Boti inaweza kuwa na makochi ya ngozi, friji mbili na nahodha mwenye kofia, lakini choo chake kikigoma, hiyo ni jela inayoelea. Watu kumi na wawili wamekula, wamekunywa, nchi kavu iko mbali, na kitufe cha ukutani kinabonyezwa na kubonyezwa tena bila jibu. Hapo ndipo matajiri hukumbuka kwamba na wao ni watu. Mafundi wa vyoo vya boti wanalijua hilo siku nyingi, ila hakuna anayewauliza.

Nyumba tunayoisimulia ilikuwa ya fundi wa namna hiyo. Ilikuwa na vyumba viwili, sebule, na meza moja iliyotumika kulia chakula, kufanyia hesabu za shule na kufungulia pampu, kwa zamu, na kitambaa kikibadilishwa kila zamu. Karibu na mlango palikuwa na msumari, na kwenye msumari kilining'inia kibali cha kuingia gatini, kadi ya plastiki yenye picha ya mwanamume na jina lake. Mwanamume huyo, Fundi kwa kila aliyemjua, hakuwa amefanya kazi kwa miaka miwili. Kamba ya nanga ilimnasa mkono wa kulia ikaukata mshipa, na tangu siku hiyo vidole vitatu havikushika hata kijiko.

Aliyekitoa kibali msumarini kila asubuhi alikuwa mkewe. Alifundishwa na Fundi mwenyewe, pale pale mezani, juu ya pampu kuukuu. Hapa mota. Hapa visu vinavyosaga. Hapa impela, gurudumu dogo la mpira lenye mabawa, ndilo linalousukuma uchafu nje. Kabla hujafungua chochote funga valvu ya bahari, usije ukaizamisha boti ya watu. Toa fyuzi. Na mpira ukikataa kuingia, upake sabuni, si mafuta, maana mafuta huuvimbisha. Hilo la sabuni alilirudia mpaka watoto wakawa wanalisema wakienda kunawa mikono.

Mwanamke akajifunza, akafanya, akawa hodari. Mwenye gati alisema kadi moja inaitosha familia moja, na kwamba mwanamke akiandikwa fundi wa vyoo watu watacheka. Basi akawa anaingia kwa kadi yenye picha ya mumewe, daftarini anaandikwa Fundi, na midomoni mwa watu anaitwa Mke wa Fundi. Sifa zilikwenda kwa mume. Harufu alirudi nayo mke.

Ijumaa hiyo simu iliita wakiwa kwenye chai. Fundi aliichukua kwa mkono wa kushoto.

"Fundi hapa," alisema, kwa ile sauti yake nzito ya simu. Akasikiliza. Sauti nzito ikapungua. "Tangu lini? ... Haya. Anakuja."

"Nani?" mkewe akauliza.

"Nahodha wa boti nyeupe. Choo hakisukumi."

"Boti nyeupe? Si ndiyo niliyoitengeneza Jumanne ya wiki iliyopita?"

"Hiyo hiyo." Fundi aliitazama chai yake kana kwamba nzi ameingia. "Wageni wanaondoka saa nne. Mwenye gati amekasirika."

Mama yake Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya dirisha, kopo la bluu la mafuta ya kujipaka mapajani, anaipaka miguu yake iliyopasuka. Kikongwe yule hakuwahi kuipenda kazi ile na hakuwahi kukataa unga uliotokana nayo.

"Nenda basi, mkwe wangu, choo cha watu kinakuita," alisema. "Na ukipita dukani uniletee mafuta. Kopo hili wiki iliyopita lilikuwa nusu, leo nakwangua. Sijui nani humu ndani ana miguu mingi kuliko mimi."

 Mke wa Fundi alivaa buti, akabeba ndoo yenye mfuniko na mfuko wa vifaa, akakivuta kibali msumarini, akakivaa shingoni. Fundi akamsindikiza hadi mlangoni, jambo ambalo hakulifanya kwa kawaida.

"Pengine ni fyuzi tu," alimwambia. "Badilisha fyuzi uondoke. Usifungue sana."

"Tangu lini umenifundisha kubadilisha fyuzi bila kujua kilichoikata?"

Fundi akasema kweli, haya, akarudi ndani.

Gatini palikuwa na mageti mawili. Geti kubwa lilikuwa la wageni, na geti dogo la pembeni, karibu na mapipa ya taka, lilikuwa la watu wenye ndoo. Mtu wa makamo aliyeitwa Karani alikaa katikati ya mageti hayo na daftari lake. Alimwandika bila kumtazama usoni, na hiyo haikuwa tabia yake.

Wageni walikuwa wameshakaa sitahani na vinywaji. Mwenye gati alisimama juu ya ubao wa kupandia, shati limepigwa pasi, amekunja uso.

"Huyu hapa mama wa choo," aliwatangazia, kama mtu anayetambulisha kichekesho. "Msijali, dakika kumi. Mama, buti vua. Zulia hilo ni jipya."

Akavua. Akapita kwa soksi kati ya magoti ya watu, ndoo ameishika juu isiguse mtu. Bibi mmoja mwenye miwani mikubwa ya jua aliziba pua mapema kabisa, ndoo ingali safi na tupu. Nahodha alimpokea mlangoni kwa ngazi ya chini.

"Shemeji, pole," alinong'ona.

"Pole ya nini? Shika simu yako uniangazie."

Chumba cha choo kilikuwa chembamba, mtu hupiga magoti mlango ukiwa wazi na miguu imebaki koridoni. Alibonyeza kitufe: kimya. Akafunga valvu ya bahari. Akatoa fyuzi, akaiona imekatika, akajua mota ilikwama ikala umeme mpaka fyuzi ikajitoa mhanga. Bisibisi mkononi, akaiendea pampu yenyewe, na hapo akasita.

Skrubu zilikuwa nne. Vichwa vyake alivijua, kwa sababu Jumanne ile aliviacha safi. Sasa viwili vilikuwa vimechunika, na mkwaruzo mmoja mrefu ulikimbilia upande wa kulia juu ya bati, mahali ambapo bisibisi ya mtu anayetumia mkono wa kulia haitelezi. Akafungua. Akalitoa bati. Impela ilikuwa imevimba, mabawa yamekunjamana na kung'ang'ania ukuta wa pampu, na ilipokubali kutoka ilitoka ikiteleza. Akaisogeza puani. Wako watu wangeona mwanamke amerukwa na akili kunusa kitu kile. Lakini chini ya harufu unayoijua kulikuwa na nyingine, laini, ya waridi. Aliinusa kila asubuhi nyumbani kwake, ikitoka kando ya dirisha.

Alikaa juu ya visigino vyake. Habari yote ikamjia, si kwa kuambiwa.

"Shemeji," alimwambia Nahodha bila kugeuka, "wiki ile baada yangu, pampu hii ilisumbua?"

Nahodha akajikuna shingo. "Ilikuwa inavuma kidogo. Nikapiga simu Jumapili. Fundi mwenyewe akasema usiwe na wasi, nakuja. Akaja. Nilifurahi kumwona, wallahi. Alifanya kazi kwa mkono mmoja, jasho linamtoka. Nikataka kumsaidia kuisukuma ile impela, akanifukuza."

Jumapili hiyo yeye alikuwa kwa dada yake, anamsaidia kuhama. Kibali kilibaki msumarini siku nzima, au hivyo ndivyo alivyodhani.

Hatutamtukana Fundi. Miaka miwili alikuwa amekaa akisikia simu zikimwita yeye na buti zikiondoka na mwingine. Barazani walimtania kwamba kwake suruali inavaliwa kwa zamu. Simu ile ya Jumapili ilimkuta peke yake, na kwa saa moja akawa tena mtu anayehitajika. Mkono ndio uliomsaliti. Sabuni inataka msukumo, naye msukumo hakuwa nao, na mfukoni alikuwa na kikebe cha mafuta aliyoyachota kwa mama yake. Alijiambia mara moja tu haitadhuru. Alikuwa ametumia miaka ishirini kuwaambia wengine kwamba hudhuru.

Mke wa Fundi hakuyafikiri hayo yote wakati ule. Alikuwa na hasira, na hasira ilimfanya mwepesi. Akaosha pampu kwa siki, akakikausha kila kipembe, akatoa impela mpya aliyoinunua kwa fedha yake na kuitunza kwa siku mbaya, akaipaka povu la sabuni ya kipande, akaizungusha huku anaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikaingia. Fyuzi mpya. Valvu wazi. Ndoo ya maji, karatasi kidogo, kitufe. Pampu ikakohoa, ikavuma, ikameza. Akabonyeza mara tano, maana mara moja ni bahati tu.

Mwenye gati alimsubiri kwenye kibanda cha Karani, lakini kibanda kile kilikuwa hatua tatu kutoka kwenye boti na sauti yake ilijua kufika.

"Imepona?"

"Imepona."

"Ilikuwa nini?"

"Mpira ulipakwa mafuta. Ukavimba, mota ikakwama, fyuzi ikakatika."

"Ulipakwa na nani?"

"Si mimi."

"Karani, soma daftari."

Karani akasafisha koo. "Jumanne, Fundi, boti nyeupe. Jumapili, Fundi, boti nyeupe. Leo Ijumaa, Fundi, boti nyeupe."

"Umesikia? Hajagusa mwingine." Mwenye gati akageuka kidogo ili wageni wamwone ubavuni. "Sasa mimi si mtu mbaya, mama. Umenichelewesha, umeniaibisha. Nataka neno moja tu. Panda pale, waambie wageni samahani, nilikosea. Safari iendelee, na kibali ubaki nacho. Kikwisha mwisho wa mwezi nitakuongezea mwaka bila maneno."

"Na nisiposema?"

"Usiposema, kadi iache hapa. Mafundi wamejaa mjini."

Neno samahani ni jepesi, na wengi wamelisha watoto kwa neno hilo. Mke wa Fundi alilipima. Bila kadi hakuna boti, bila boti hakuna unga, na karo ya muhula haikuwa imelipwa. Upande mwingine kulikuwa na maneno matatu, ni mume wangu, ambayo angeyasema pale mbele ya Nahodha, Karani na bibi wa miwani, na kumvua nguo baba wa watoto wake gatini. Alimtazama Karani. Karani alijua nani aliingia Jumapili, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfungulia. Karani alikuwa anasoma ukurasa usio na maandishi.

"Miaka miwili," alisema Mke wa Fundi, wala hakupaza sauti, "kila pampu niliyoiponya mmeiandika kwa jina lake. Ile ya boti ya harusi, ile iliyoziba kwa nywele, ile niliyotoa hereni ya dhahabu nikairudisha. Zote zimo humo. Sikusema kitu."

"Sijakuuliza hayo."

"Na hii iliyoharibika iko kwa jina hilo hilo. Mmekwisha kuiandika. Iacheni ilivyo."

"Maana yake huombi radhi?"

"Kosa si langu. Hiyo radhi nitaitoa wapi?"

Sitahani mtu mmoja alicheka, na haikujulikana anamcheka nani. Mwenye gati akanyoosha kiganja. "Kadi."

Akaivua shingoni. Akaitazama ile picha, mume wake akiwa na mikono miwili mizima na masharubu, akaiweka juu ya daftari, si kiganjani.

"Hii nayo si yangu," alisema. "Wala mtu aliye kwenye picha hajawahi kukuomba uwadanganye wageni wako. Impela ya zamani naondoka nayo. Siku njema."

Akavaa buti zake bila haraka, akakaza kamba zote mbili, akabeba ndoo. Geti dogo lilikuwa kushoto. Yeye akaenda kulia, akapita kwenye geti kubwa la wageni, katikati ya vyungu vya maua, ndoo ikibembea.

Akafika nyumbani. Alinawa, akatandika kitambaa cha pampu, na juu ya kitambaa akaiweka ile impela iliyovimba, mbele ya mumewe. Fundi aliitazama, kisha akautazama msumari mtupu.

"Kadi iko wapi?" aliuliza mwishowe.

"Gatini. Wameichukua."

"Kwa ajili ya fyuzi?"

"Baba watoto, usinifanye mjinga. Inuse."

Hakuinusa. Mama yake ndiye aliyeinuka kitini, akajongea kwa mkongojo, akainama juu ya meza, akavuta hewa mara moja.

"Hayo ni mafuta yangu," alisema.

 Fundi akaukunja mkono wake mzima, kisha akaukunjua.

"Nilitaka kukupunguzia kazi."

"Ungenipunguzia kwa kuniambia."

"Ungesema samahani tu. Neno moja, mke wangu. Ungekubali yakaisha, sasa tutakula nini?"

"Ningesema samahani, kuanzia leo kila pampu ikifa pale ningeambiwa ni mimi. Na wewe ungekaa hapa unanywa chai ukijua." Akaisogeza impela karibu naye. "Mkono ulikatwa, sikukulaumu. Pampu umeiua, hata hiyo sikulaumu sana, kila fundi huua moja. Lakini asubuhi ulinisindikiza mlangoni ukaniambia nisifungue sana. Hilo limeniuma."

 Mama yake Fundi alirudi kitini polepole.

"Miaka yote hii nasema kazi hii ni ya aibu," alisema kikongwe, akilitazama dirisha. "Kumbe nilikuwa siangalii aibu iko upande gani." Kisha akaongeza, maana hakuwa mtu wa kuacha haki yake ipotee: "Na kopo langu utanunua wewe, si yeye."

Jumamosi hakuna simu iliyoita. Jumapili wala. Mke wa Fundi alifua, akashona mfuko wa vifaa uliochanika, akatembelea karakana mbili za pampu za visima kuulizia kazi. Ya kwanza walimwambia amlete mumewe wazungumze naye. Ya pili walimpa kiti, wakamsahau. Usiku waliwagawia watoto uji na kusema wakubwa wameshakula. Jumatatu asubuhi Fundi alivaa shati lake la kwendea mikutano ya shule, akatoka, akarudi adhuhuri viatu vikiwa na vumbi, akakaa. Hakuulizwa alikotoka, naye hakusema.

Jumatano simu ikaita wakiwa kwenye chai. Fundi aliitazama ikizunguka mezani. Akaipokea.

"Haloo," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Akasikiliza. "Fundi yupo. Ngoja nimpe."

Akamnyooshea mkewe simu.

Alikuwa Nahodha, anazungumza haraka. "Shemeji, njoo. Si boti nyeupe, hiyo inavuta vizuri mpaka leo. Ni ile ya bluu. Wameleta fundi mwingine jana, hakufunga valvu ya bahari, tumeshinda tunachota maji kwa ndoo. Choo chenyewe ndiyo kabisa. Wageni wamo ndani, wanabana."

"Sina kadi."

"Najua. Mzee alikuja juzi. Alisimama pale pale ulipokuwa umesimama, akasema mbele ya watu wote, Jumapili ni mimi, mafuta nilipaka mimi, na kazi zote za miaka miwili ni za mke wangu, futeni jina langu. Mwenye gati hakujua aangalie wapi." Kulikuwa na mvutano wa simu, na sauti nyingine ikaingia, ya shati lililopigwa pasi.

"Mama, njoo kwanza. Mambo ya kadi tutazungumza."

Mke wa Fundi alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anakifuta kikombe ambacho kilikuwa safi.

"Hapana," alisema kwenye simu. "Kadi kwanza."

"Watu wanaumia huku."

"Basi mwambie Karani akimbie. Si mbali."

Akakata. Akajimiminia chai ya pili, akainywa yote.  Nusu saa baadaye mlango ukagongwa, na Karani akasimama kizingitini, makwapa yameloa, kadi tupu mkononi na kalamu mdomoni.

"Nimeambiwa niandike," alisema, akaitoa kalamu. Kisha akaona haya. "Ila jina lako hasa ... miaka miwili naandika la mzee."

Akamtajia. Karani akaandika juu ya goti lake, na chini ya jina, palipoandikwa kazi, akasita.

"Andika fundi," alisema kikongwe kutoka dirishani. "Unangoja nini?"

Akaandika. Mwanamke akamwambia asome kwa sauti alichoandika, naye akasoma, jina na kazi, na waliokuwa ndani wakasikia wote. Ndipo akavaa buti. Ndoo ilikuwa imeshafungwa mfuniko, na mfuko wa vifaa ulikuwa umefungwa kamba tayari, fundo la mtu aliyetumia mkono mmoja na meno.

"Sabuni imo?" mumewe alimuuliza, taratibu, akimshikia mlango.

"Imo," alijibu Fundi, ndoo mkononi, akatoka.